Mtoto ni Wako, Dada

Al Twar, Dubai
Jumatatu, 9 Desemba 2024

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, ila kifua kimebana kidogo kwa baridi. Natumaini wewe na Ikhlas wangu hamjambo. Nakuandikia kwenye simu badala ya kukupigia kwa sababu Madam Fairuz, mwenye nyumba ninayofanyia kazi, unavyojua, nyanya yake alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nikiongea kwa simu, kila neno analisikia.

Mama, ulimwambia nini mwanamke huyu?

Wikendi hii tulikwenda shambani kwao, nje ya mji. Siku hizi za baridi ukoo mzima hujazana huko: moto wa kuni, mablanketi, nyama ya kuchoma, na chai ya maziwa ambayo naipika mimi tangu alfajiri. Haya. Jumamosi alasiri, wageni wamejaa, Madam akanishika bega. "Huyu mwanangu haendi popote Januari. Nimezungumza na mamake, kanipa mwenyewe. Kasema, mtoto ni wako, dada." Wote wakacheka, na mimi nimesimama na birika mkononi.

Likizo yangu ni tarehe 2 Januari, imo kwenye mkataba. Miaka mitatu sijamwona mwanangu! Tarehe 6 anaanza gredi ya kwanza, na nimemwahidi nitampeleka mimi, nimemshika mkono. Madam anataka ningoje mpaka kiangazi cha huku, Julai. Singoji.

Mwanao,
Mishi

Kikoneni
Alhamisi, 12 Desemba 2024

Mwanangu Mishi,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi, na mvua imekatika. Hicho kifua jipake mafuta ya karafuu ulale ukiwa umejifunika.

Sasa punguza moto. Madam alipiga simu akakusifu weee! Mapishi yako, adabu yako, usafi wako. Mtu akikusifia mwanao utamjibu nini? "Ndiyo, ni wangu, usimguse"? Mimi nimelelewa. Nikajibu kama anavyojibu mtu yeyote huku: mtoto ni wako, dada. Hata jirani akisifu kuku wangu humwambia ni wake, na hajawahi hata siku moja kuja na tenga kuwachukua!

Lakini usimvunjie heshima, mwanangu. Pasipoti yako anayo yeye. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kiangazi chao si mbali. Ikhlas nitampeleka mimi shule.

Mamako

Al Twar
Jumatatu, 16 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepoa. Mnaendeleaje?

Huo mkono nimeubusu miaka mitatu mpaka midomo imechubuka. Hata hivyo nilianza kwa adabu, kama ulivyonifunza. Nikamwambia, "Madam, lile lilikuwa neno la heshima tu." Akatabasamu. "Najua, Mishi." Anajua, mama! Nyanya yake alikuwa akilisema kila siku.

Basi Jumamosi tukaenda shamba tena. Nikajiambia, si mimi mwana wa nyumba? Nikachukua blanketi nene kuliko yote, nikaketi mkekani pamoja na binti zake, miguu nikainyosha kwenye moto. Madam akasema, "Chai, Mishi." Nikamjibu, "Dada Zein yuko karibu na jiko, Mama." Nilimwita Mama, mbele ya wageni! Zein, kifungua mimba wake, akanitazama, akamtazama mamake, mwisho akainuka akapika. Chai ilikuwa maji matupu na waliinywa hivyo hivyo. Nikala nyama, nikacheka na watu, nikasinzia. Wallahi sijastarehe hivyo tangu nifike nchi hii. Jumapili pia sikugusa sufuria.

Tukirudi, Madam akasema bila kunitazama, "Nitampigia mamako." Atakupigia, mama. Ukimwambia tena ni wake, sina pa kusimama.

Mwanao,
Mishi

Kikoneni
Alhamisi, 19 Desemba 2024

Mishi, mwanangu,

Marahaba. Sote wazima.

Kapiga leo baada ya adhuhuri. Kaanza na salamu ndefu, kauliza hali za watu wote mpaka mbuzi. Kisha kasema umemtia aibu mbele ya wakwe zake, yeye aliyekulea kama wake, na je, mimi mzazi nasemaje?

Lile neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Miaka sitini limezoea kutoka lenyewe. Ikhlas alikuwa ameketi sakafuni ananiangalia usoni, maana simu za Dubai anazijua.

Nikasema, "Hapana, dada. Mtoto ni wangu. Namtaka tarehe mbili."

Nikajua nimekuharibia kazi. Sijawahi kumjibu mtu hivyo, hata babako. Akasema, "Nyanya yangu asingethubutu kumjibu mtu hivi." Nikamwambia, "Nyanya yako hakuwa na mtoto Dubai."

Akashusha pumzi. "Khalas, basi. Aende. Pasipoti nitampa kesho." Kama atakupokea tena baada ya likizo, hakusema, nami sikumwuliza. Hilo tutalizungumza ukishakula ukashiba.

Usimnunie. Mpikie chai nzuri mpaka siku ya mwisho, umuage kwa mikono miwili. Ukali niachie mimi.

Simu ilipokatika, Ikhlas kaniuliza kama nimegombana na mtu. Nikamwambia ndiyo.

Mamako mzazi