Gari Waliloliacha Wajapani

Bunia, Jumapili mchana

Kwako yaya Bernadette, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Léon pamoja na watoto. Natumaini kifua cha shemeji kimetulia, maana baridi ya Butembo haina huruma na watu wa umri wake. Siye huku tunapumua, na kwa Bunia ya leo hiyo ni habari njema. Mama anatembea, anakula kidogo, anafunga na kuomba kupita kiasi kwa ajili ya Anaclet.

Ujumbe wako kwamba umempatia mdogo wetu nafasi kwa daktari wa wagonjwa wa akili ulitufikia. Mama alilia kwa furaha. Mimi niliogopa, na unajua mimi si mtu wa kuogopa. Ndiyo maana nakuandikia kwenye karatasi na kumpa Fabien, dereva wa lori la maharage, akufikishie mkononi. Simu za mji huu zina masikio mengi. Nakuomba usimpeleke Anaclet popote kabla hujasoma hadi mwisho.

Kazi yake unaijua: kunyoosha mabati ya magari yaliyogongwa. Usichokijua ni ile picha. Ilikuwa ndani ya gazeti la Kijapani lililosahauliwa chini ya kiti cha gari kuukuu lililoingia kupitia Uganda. Gari la mbio, limelala chini kama mjusi, injini nyuma ya viti, milango inafunguka kwenda juu. Nilimtafutia habari za gari hilo. Kiwanda kilitengeneza machache ya majaribio, kikayaonyesha kwa watu, kisha fedha zikapungua na mradi ukafutwa. Halikuuzwa hata moja. Mwingine angesikitika. Anaclet alicheka, akasema basi wamemwachia kazi.

Akalijenga kwa mabati ya magari yaliyochomwa njiani, yale mabaki tunayoyapita tukitazama pembeni. Injini ilitoka kwenye teksi. Watoto wa mtaa waliliita Mamba. Tina, mke wake, alimuuliza mbele yetu sote atapakia wapi mihogo katika gari la viti viwili. Alijibu kwamba mihogo ina pikipiki zake. Mama alicheka hadi akashika mbavu.

Siku alipolitoa kulijaribu kwenye njia ya Marabo, askari walimsimamisha kwenye kizuizi wakauliza ni gari gani. Akawaambia ukweli: la Kijapani, ila Wajapani hawakulimaliza. Mkubwa wao akatafuta kwenye simu, akapitia kila gari linalouzwa duniani, asilione. Gari lisilokuwepo, tena la mabati ya magari yaliyochomwa na waasi! Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Anaclet akafungwa kama fundi wa silaha wa waasi.

Nikaenda mimi na mdomo wangu. Ofisi siitaji, utaelewa. Nilibeba lile gazeti la Kijapani na makala zangu za gazeti letu, nikahutubia kama niko redioni. Niliwaambia kwamba nchi inayomfunga mtu aliyeunda kitu, huku ikiwapigia saluti wanaobomoa, imejihukumu yenyewe. Nikasema ndugu yangu ana kipaji ambacho chuo kikuu chochote kingekigombania. Yule mkubwa alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Muandishi, kama Wajapani na viwanda yao walishindwa, huyu wako alitoa nguvu wapi? Nani iko nyuma yake?" Wenzake wakacheka. Kila nilipothibitisha akili ya Anaclet, nilimwongezea mashtaka. Natoka pale, tayari wanazungumzia kumhamishia gereza la mbali, na wanaorudi kutoka huko tunawajua kwa majina kwa sababu ni wachache.

Haukupita muda, Anaclet akaanza kuwaambia askari kwamba Wajapani wanazungumza naye kupitia bomba la moshi, na kwamba wamemwagiza alifikishe gari Tokyo kwa njia ya Irumu. Wakafa kwa kicheko. Wakamtoa hadi uani walikoliweka gari, wakamwonyesha nyundo: "Fundi, uliza kwanza Wajapani yako kama tunaweza kulivunja." Aliinama kwenye bomba, akasikiliza, akawajibu kwamba wamekubali. Wakalivunja mbele yake, naye akapiga makofi. Walimwachilia kwa sharti: siku daktari atakaposema ana akili timamu, atarudi ndani.

Sasa yaya, kaa chini. Ndugu yetu hakuwa kichaa. Nilipompelekea chakula kule ndani, aliniambia kwa Kinande, lugha yetu ya nyumbani, midomo haikutikisika, kwamba niache kumsifu, maana mwenye akili hatoki mule. Tina aliondoka nyumbani bila kujua. Mama hajui hadi leo. Kilio chake ndicho kinachowaaminisha majirani, na kati ya majirani wako wanaopeleka habari. Kwa hiyo daktari wako akimpima kwa uaminifu, atamrudisha gerezani.

Ningependa kuishia hapo. Lakini juzi nilimchukua hadi shambani kwa Mama, mahali pasipo nyumba wala mpita njia. Nikamwambia apumzike sasa, tuko wawili tu, azungumze nami kama ndugu. Alinitazama kwa huruma, akaninyooshea kola ya shati. Akasema Wajapani wananishukuru kwa makala zangu, ila wanaomba niache kuandika.

Nimeyageuza maneno hayo kila upande. Saa nyingine nasikia ndugu anayenionya, saa nyingine nasikia mgonjwa. Akiwa mzima, daktari atamuua. Akiwa mgonjwa, kumnyima daktari ni kumuua. Wewe ndiye uliyemlea, ulijua anapodanganya hata kabla hajamaliza sentensi. Njoo mwenyewe, bila daktari, ukae naye, umtazame.

Mama anakusalimu sana. Tina yuko kwa wazazi wake, hajambo. Wabusu watoto, na umwambie shemeji unakuja kumtazama Mama. Gazetini wananiuliza kwa nini ukurasa wangu uko mtupu.

Ndugu yako,
Gauthier