Kiatu cha Marehemu

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti wa mtaa amekufa. Jana jioni, mimi nikiwa bado hotelini natundika mapazia, alianguka kutoka kwenye ngazi akimchungulia mdogo wangu. Kichwa kikagonga chungu cha maua cha simenti. Ni vile vyungu alivyotulazimisha kila nyumba tuweke kando ya ukuta, eti kwa urembo wa mtaa.

Nimejaribu kulia. Machozi yamegoma. Mtu aliyepanda ngazi kila jioni kuangalia nani kaanika nini hawezi kunitoa machozi. Mwezi jana aliitoa sketi ya ndani ya mama mkwe wangu kambani, akaja nayo mkutanoni akiishika kwa koleo, akauliza ni ya nani. Mama alikuwepo. Alinyoosha mkono akaipokea. Tangu siku hiyo hajatoka nje ya geti.

Hata hivyo nilikwenda kumpa pole mjane. Aliniagiza mapazia mazito ya sebuleni. Hapendi watu wachungulie. Nikaitikia kwa kichwa tu, ndiyo mama, mazito.

Nimerudi nyumbani nakuta kilio. Polisi wamemchukua mdogo wangu! Kipandio kimoja cha ngazi kilikuwa kimekatwa kwa msumeno upande wa chini, kimeachwa kinashikilia kidogo tu. Ngazi imekutwa kwenye ukuta wake. Na yeye, mdomo wake ule, alimwambia Mwenyekiti mbele ya mkutano: "Ukinichungulia tena nitakukata miguu." Fundi umeme, anapiga kelele tangu anajifunza kutembea, hajawahi kumgusa mtu. Lakini majirani walipanga foleni kumsimulia Inspekta maneno hayo. Bwana Honi, jirani yetu wa ukuta mmoja, alirudi mara ya pili kuongeza kwamba mdogo wangu alikuwa ametoa macho. Kisirani.

Jumanne, 4 Machi

Siwezi kushona. Nimevunja sindano mbili.

Kila mtu mtaani anajua mdogo wangu hakuwa na ngazi. Ngazi ni ya wote, ile ya mbao niliyoipaka rangi ya kijani mimi mwenyewe kwa sababu kamati ilikuwa bado inajadili rangi. Inakaa kwa aliyeitumia mwisho. Ukiihitaji unaingia unaichukua bila hata kubisha hodi, ila unaacha kiatu chako kimoja kwenye msumari ilipokuwa imeegemezwa, mwenye nyumba ajue nani kaichukua. Ukimaliza kazi ndipo unafuata kiatu. Sheria ya Mwenyekiti hiyo. Sisi tunaacha kandambili. Yeye aliacha kiatu cha ngozi chenye vishada, halafu anakatiza mtaa na soksi moja, kidevu juu.

Sasa Mwenyekiti amekufa na kiatu kimoja. Inspekta anakitafuta cha pili, anadhani kulikuwa na purukushani. Purukushani gani! Kiatu kiko kwenye msumari wa mtu. Kilipo kiatu ndipo ngazi ilipolala, na ilipolala ndipo ilipokatwa.

Nimekwenda kituoni nikamweleza. Akaniangalia kama nimelewa. Akaja mtaani kuulizia. Nesi, jirani wa pili kutoka kwangu, akajibu hajawahi kusikia habari ya kuachiana viatu, labda mimi nina mawazo kwa ajili ya mdogo wangu. Nesi! Kandambili yake ya waridi imening'inia kwenye msumari wangu mwaka mzima! Bwana Honi naye akasema yeye hatumii ngazi, ana kizunguzungu. Inspekta akafunga daftari lake. Akaniambia kwa upole, mama, niletee hicho kiatu.

Upole wake ndio umeniudhi zaidi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea mdogo wangu shuka na sabuni. Amekonda. Hapigi kelele tena, na hilo ndilo limenitisha. Alichosema ni: "Dada, kitafute kiatu. Jumatatu wananipeleka mahakamani."

Wifi, mke wake, ananyonyesha huku analia. Mtoto analia na yeye. Nimewaambia wote wawili wanyamaze, halafu nikajificha chooni nikalia mimi.

Nyumbani kimya. Mume wangu — mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi pia siku hizi — anasahihisha madaftari. Nikamwambia hawa majirani ni wanafiki, roho zao zimeoza, wanaona mtu anazama wanaangalia pembeni ili wasiloe. Akasema, "Watu wanaogopa tu." Mtu wa kutetea hata mende. Akimkuta jikoni anamtoa nje na ufagio, taratibu, eti na yeye ana kwake.

Ijumaa, 7 Machi

NIMEKIPATA.

Kimo kwenye beseni langu, katikati ya mapazia ya hoteli niliyoyaloweka uani! Kiatu cha ngozi, vishada vyake viwili, kimevimba maji. Mtu kakirusha juu ya ukuta. Kwangu! Mapazia meupe sasa yana doa la kahawia, lakini hata hilo sikulijali.

Nikakaa chini kwa hasira. Wananyamaza wiki nzima, wanamwacha ndugu yangu alale sakafuni, halafu ushahidi wenyewe wanautupa kama maganda. Na wanautupia nani? Dada yake.

Nikampigia wifi hapo hapo. Nikamwambia kiatu ninacho, amwambie Inspekta aje, na kabla hajafika nitakuwa nimeshajua kimetoka msumari wa nani. Wifi akapiga kigelegele kwenye simu. Amerudisha jibu: Inspekta atakuja Jumapili baada ya chakula cha mchana.

Mama mkwe alikuwa mlangoni anasikiliza. Akaniuliza kama lazima polisi waje hapa hapa nyumbani. Nikamwambia hapa hapa, Mama, na nitawafungulia geti kwa mikono miwili.

Mwalimu hakula usiku. Tumbo, anasema.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nikaenda kwa Bwana Honi, nyumba ya ukuta mmoja na sisi. Kiatu nimekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Akaanza kujitia hamnazo, kiatu gani tena, mama. Nikamwambia nitakaa barabarani nipige honi ya gari lake mpaka Jumatatu, kama yeye anavyotufanyia kila alfajiri. Akalegea. Ndiyo, ni yeye aliyekirusha. Lakini alikikuta kwenye mchicha wake, alikirusha Nesi!

Tukaenda kwa Nesi, wote wawili. Nesi akaja juu. Mimi? Wewe ndiye uliyekirusha kwangu Jumatatu alfajiri, kikaangukia kuku, mimi nilikurudishia mali yako tu! Walipigiana kelele pale getini, watu wazima, mmoja na mswaki mdomoni. Wamekuwa wakirushiana kiatu cha maiti wiki nzima. Kila mmoja akiamka anakikuta, anakirusha, anakwenda kazini, anapita kwa mjane kutoa pole.

Nikapaza sauti. Nikawaita waoga, nikawaita mengine ambayo sitayaandika. Nikamgeukia Bwana Honi: mara ya kwanza kabisa, kabla ya kumrushia Nesi, wewe ulikitoa wapi?

Akamwangalia Nesi. Nesi akaangalia kuku wake. Ghafla wote wawili wakawa wapole.

"Mama," Bwana Honi akasema, "kilitoka upande wako. Jumapili ile ile, jua linazama. Niliona mkono."

"Mkono wa nani?"

"Una bangili za shaba."

Nikarudi nyumbani. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele, bangili zake zinagongana. Hakuniacha nimalize. Ndiyo, alikikuta kwenye msumari wetu. Alisikia kishindo, akasikia watu wanasema Mwenyekiti, akakitungua na kukirusha.

"Kwa nini, Mama?"

"Nilidhani ni wewe uliyekata," akasema. "Kwa ajili yangu. Nikaona mkwe wa namna hii nitampata wapi tena."

Sikujua nimkumbatie au nimpige na sinia la mchele. Mimi nilikuwa hotelini, Jumamosi na Jumapili, juu ya ngazi ya watu wengine. Nikamwambia hivyo. Mikono yake ikaacha kuchambua. Tukaangaliana. Hakuna aliyetaja jina, na katika nyumba hii tuko watu watatu tu.

Jumapili, 9 Machi

Msumeno uko stoo, nyuma ya viti vibovu. Kwenye meno yake kuna rangi ya kijani. Rangi yangu.

Nimemwonyesha Mwalimu. Hakubisha. Akakaa kitandani kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Alitaka Mwenyekiti aanguke tu, anasema. Achafuke, achekwe, ajue aibu ikoje. Ngazi ilikuwa kwetu tangu Jumamosi nilipoondoka, na alijua Jumapili Mwenyekiti angekuja kuichukua kama kawaida. Alikata kipandio cha katikati kwa makusudi, siyo cha juu, asije akaumia sana. Chungu cha maua hakukifikiria.

Hakukifikiria! Mtu wa hesabu!

Nimemtukana kwa sauti ya chini mpaka koo likaniuma. Siyo kwa ajili ya Mwenyekiti. Kwa ajili ya wiki nzima ya kusahihisha madaftari, anakunywa chai na kula mkate wangu, ananiangalia nikiwaapiza majirani, na mdogo wangu yuko ndani. Nikamuuliza, ungenyamaza mpaka lini? Akasema kila asubuhi alikuwa anavaa viatu aende kituoni. Akifika getini, miguu inakataa. Nikamwambia miguu ya mdogo wangu haiulizwi kama inataka.

Nampenda. Nina hasira naye mpaka naona giza. Yote mawili, wakati mmoja, na hayapishani.

Sasa ameoga. Amevaa shati jeupe. Anapanga vikombe mezani, amehesabu na cha Inspekta. Nimemuuliza atasema nini. Anasema atasema nitakachosema mimi. Hata hili ananiachia mimi!

Gari limesimama nje. Wifi anagonga geti, anaita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu Jumatatu. "Wifi, tumefika! Fungua!" Mtoto yuko naye, namsikia.

Mama mkwe amekuja uani nilipokaa kuandika. Ameniwekea kiatu mapajani. Amesema ukuta wa Bwana Honi ni mfupi upande huu wa beseni, na Bwana Honi leo hayupo.

Kimeshakauka. Kimekuwa chepesi. Nimesimama nacho, na nimeshaupima ukuta kwa macho, mimi niliyewaita waoga jana mtaa mzima ukisikia.

Wifi anagonga tena. Mwalimu anauliza kutoka ndani kama afungue.