Kibao na Maneno ya Pembeni

Machi 4

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho ndiyo hayo uyajuayo. Kibao cha kusomea vitabu ulichonitumia kimefika. Nitasema haki: ni chepesi, hakiumizi macho, hata juani mlangoni mwa karakana nasoma, na herufi nimezikuza zikalingana na za bango la duka. Wiki ya tatu hii chaji haijaisha. Lakini picha zote rangi ya jivu, kila nikigeuza ukurasa kinapepesa weusi kama kinanikonyeza, na nikiulizwa nimefika wapi nijibu "asilimia thelathini na saba," kama mtoto aliyefeli mtihani. Miaka arobaini nafunga vitabu kwa uzi na gundi, leo sina ukurasa!

Hayo navumilia. Ila nimerudi kutoka kliniki nikakuta rafu tupu. Kaka yako anasema umemwagiza wewe. Vitabu vyangu viko wapi?

Baba yako

Machi 19

Shikamoo Baba,

Natumaini kifua kimetulia. Ndiyo, nilimwagiza kaka avitoe. Daktari alisema vumbi litakumaliza, nawe unang'ang'ania kulala na makaratasi yaliyooza! Nimevitafuta mtandaoni kimoja kimoja, vyote sitini na vitatu vimo kwenye kibao. Hakuna kilichopungua. Ama kweli shukrani ya punda ni mateke.

Binti yako

Machi 30

Mwanangu,

Punda hajambo.

Vyote vimo? Mama yako yumo? Marehemu alisoma na penseli mkononi, akigombana na kila kitabu pembeni mwa ukurasa, nami nikimjibu chini yake. Ndivyo tulivyotongozana, ndivyo tulivyonuniana. Kaka yako kavipeleka kwa muuza misumari. Nimekwenda mwenyewe nikamkuta anafungia misumari ndoa yangu. Sikuokoa hata kimoja.

Nilidhani umenitumia kibao, kumbe umenizaba kibao. Usiniandikie tena.

Baba yako

Julai 8

Shikamoo Baba,

Hali yako? Nimekutii miezi mitatu, na hasira zangu pia zilinizuia. Hukuwahi kutuambia! Tulikatazwa kuvigusa tu, basi.

Lakini nina kosa la zamani. Nilipoondoka nyumbani niliiba kimoja, kile chenye jalada jekundu. Ulimlaumu kaka mwaka mzima bure. Nilikichukua kwa harufu ya gundi yako, sikukifungua mpaka juzi. Yumo, Baba. Nimechapa kila neno lake na lako, nimeyatuma kwenye kibao. Yakuze utakavyo. Nisamehe.

Binti yako

Julai 21

Mwanangu,

Hatujambo. Nimeyakuza hadi neno moja likajaza kibao kizima. Nimelia, kisha nimekasirika upya.

Kwenye asilimia kumi na mbili umeandika: "Huyu mwongo!" Nani kakutuma kusahihisha? Mama yako aliandika "muongo" maisha yake yote. Chini nikamjibu: "Muongo ni miaka kumi." Naye akaniandikia: "Basi kadanganya miaka kumi, kama wewe." Siku hiyo tulicheka hadi gundi ikanikaukia kwenye brashi. Sasa jibu langu limekaa hapo bila kosa la kulijibu, kama la mwendawazimu.

Kitabu usikitume. Kilete kwa mkono wako, nyuzi zake lazima zimelegea, nitazikaza kwa kupapasa.

Lakini kwanza rudisha kosa la mama yako.

Baba yako