Jalada la Kitabu Lililofika Gonja

Mume wangu, baba Namsifu,

Anayeandika ni mjukuu wako, mimi nasema. Nimemkataza asinipambie maneno.

Leo wamepita watu wa chuma chakavu. Wakaiona ile kabureta iliyopasuka, ya Landrova ya kijiji, iko juu ya kabati langu. "Bibi, tuuzie." Nimewafukuza na mwiko.

Unaikumbuka asubuhi ile, mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa? Dada yako Nanzia uchungu umemshika tangu jana yake, mtoto kakaa vibaya, na gari haliwaki, kabureta imepasuka. Wanaume wakaanza kufunga machela. Wewe ukakimbia bwawani, ukafungua kabureta ya boti aliyoiacha yule mzungu wa mkonge, maana injini yake ilikuwa sawasawa na ya gari letu. Ilikuja imejaa matope. Ukaifumua, mimi nikavipanga vipande juu ya kanga yangu, kimoja kimoja, kama vilivyotoka.

Kuvirudisha, ukakosea.

"Hicho bado," nikakwambia. "Kile cha shaba ndicho kilichotoka mwisho. Kianze hicho."

Katibu wa kijiji akacheka. "Shemeji, kusoma hujui, ufundi umeutoa wapi?"

"Macho ninayo. Funga mdomo, wifi yangu anakufa."

Ukanitazama. Kisha ukakiokota kile cha shaba, mbele ya wanaume wote.

Ikabaki gasketi ya kuziba kati ya kabureta na injini, na gasketi hatuna. Nikaingia ndani nikatoka na kitabu cha kisomo cha watu wazima, kile nilichokuwa nakikimbia, nikachana jalada. Ukalikata, ukalipaka sabuni ya mche, ukakaza. Gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka! Jua halijafika utosini, Nanzia kashajifungua hospitali ya Gonja.

Watu walipokusifu, ulisema, "Mimi nilikaza skrubu tu. Gari kaliwasha mama Namsifu." Ulilisema hilo mpaka unazeeka, na mimi kila mara nilijifanya sisikii. Nilikuwa nasikia, mume wangu. Mpaka leo nikilikumbuka natembea kifua mbele.

Hili sikukwambia: mwalimu wa kisomo aliniuliza jalada liko wapi. Nikamjibu, "Limepeleka mzazi hospitali. La kwako limefanya nini?"

Pumzika huko ulikolala. Kabureta haiuzwi.

Mkeo,
mama Namsifu