Barua ya Mizabibu

Jumanne, Septemba 1998

Miguu inaniuma, lakini kilichonichosha zaidi leo ni barua.

Ni ya mzee Marko, baharia wa Montenegro aliyelazwa wodini kwetu tangu winchi ya meli ilipomponda mkono wa kulia. Hawezi kushika kalamu, basi yeye alisema kwa Kiingereza nami nikamwandikia binti yake. Binti ataka kuing'oa mizabibu ya nyumbani, kwa kuwa haina wa kuitunza.

"Mwambie asiing'oe," akasema. "Zabibu zetu za aina ya vranac ni nyeusi na hazitaki haraka. Asichume mpaka mbegu zigeuke kahawia. Akizikamua, maganda yakae ndani ya maji ya zabibu, ayazamishe asubuhi na jioni. Ndivyo alivyofanya babangu."

Muuguzi mwenzangu Zawadi akapita akicheka. "Mtoto wa Kiislamu wa mtaa wa Kuze, leo waandika habari za mvinyo?"

Niliendelea kuandika. Sijauonja wala sitauonja, lakini mzee yule alikuwa akizungumza juu ya shamba la babake.

Mwisho akasema, "Andika kwamba mwakani nitachuma mwenyewe, kwa mikono yangu miwili."

Muda mfupi kabla ya hapo, daktari alikuwa ameniambia kuwa mkono ule utakatwa. Marko hajui bado. Niliandika kama alivyosema.

Barua sijaitia posta. Daktari atamwambia kesho asubuhi. Akishaambiwa, nitakaa na mzee kwanza, kisha nimuulize kama mstari ule wa mikono miwili ubaki.

Naogopa atasema ubaki, ili binti asiing'oe mizabibu.