Mtani Aliyesema Ameua

Magomeni, Kilosa
Jumatano

Mpwa wangu Happiness,

Marahaba. Najua ungekuwa mbele yangu ungeshapiga goti na kuniamkia, kwa hiyo naipokea kabisa, nisije nikakudai bure. Hali yako? Unakula? Nasikia umekonda, na waliosema wamekuona kwenye simu, nayo simu huongeza watu unene, ndiyo maana nina hofu. Mimi mwili ni mzima. Mguu ule niliokanyagwa na nyati wa Mikumi unauma wakati wa baridi tu, na yule nyati, kama nilivyokusimulia, aliumia kuliko mimi.

Utashangaa mjomba kuandika barua zama hizi. Nimekupigia mara nyingi, anapokea meneja wako, ananiambia Madam amepumzika. Nikamtumia ujumbe wa sauti, akanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, mimi! Basi nimenunua karatasi, na mdogo wako Bibiana atapanda treni akukabidhi mkononi. Usikubali kusomewa na mtu. Mwandiko usikutishe, niliishia darasa la tano, lakini la tano la enzi zile, ambalo hawa wenye digrii wa leo wangeliona wakalia.

Happiness, mambo ya huku yamenikaba roho. Yaliyompata Frank wetu pale Mikumi sitayarudia. Kisu kile kilimwingia mwanao, wewe mama yake ndiye unayetembea nacho. Nataka kukueleza yaliyofuata, kwa sababu ulirudi Dar siku ya tatu baada ya mazishi na mengine umeyaona vipande vipande tu.

Unamkumbuka Lukasi wa Zombo. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu. Wao wakifiwa tunakwenda kuwavuruga, sisi tukifiwa wanakuja kutuvuruga. Siku ya kumzika Frank alifika amevaa gunia, sufuria jeusi kichwani. Akalala mbele ya jeneza, akasema halipiti mtu. Akatuuliza tunamtafuta muuaji wa nini wakati muuaji ni yeye, amemmaliza Frank kwa sababu tangu azaliwe anamnyima kuku, na atakayefuata ni mjomba mwenye domo, maana domo langu peke yake linatosha kitoweo cha ukoo mzima. Watu walicheka huku machozi yanatiririka. Ndiyo kazi ya mtani, kuupasua msiba upitishe hewa. Shangazi zake Frank wakamtolea jogoo, akainuka, jeneza likapita. Wewe ulikuwa umejifunika mtandio mweusi, sijui kama ulisikia.

Sasa alikuwepo yule binti wa televisheni ya mtandaoni, Yusrah, na kamera yake. Akakata kipande kimoja tu, Lukasi akisema muuaji wa Frank ni yeye. Gunia hakuliweka, jogoo hakumweka, kicheko hakukiweka. Jioni haijaingia, nchi nzima ilikuwa imemwona muuaji wa mtoto wa staa wao Happiness. Kesho yake walimfuata Zombo, naye akadhani ni mchezo unaendelea, akawaambia askari wamechelewa, supu imekwisha. Walimpakia garini bado anacheka.

Nimekwenda kituoni mara tatu. Mpelelezi ni kijana wa mbali, kwao mambo haya hakuna. Nikamweleza utani wa ukoo kwa ufundi wangu wote. Akaniuliza kama kuna utani wa kuua. Nikamjibu upo, na mimi mwenyewe nimeshawaua watu wa akina Lukasi watatu, misibani kwao, na nikapewa mbuzi. Akachukua kalamu aandike! Ilinibidi nimwombe kwa adabu aiweke chini. Mwisho akaniambia kwamba hata tukiliacha hilo la utani, kuna shahidi aliyemwona Lukasi Mikumi siku ile ile, nyuma ya ile nyumba ya wageni. Nikaaga, nikatoka.

Na Consolata, yule dada anayesafisha vyumba pale alipofikia Frank, aliona vijana wawili wa pikipiki wakimngojea nje. Alikwenda mwenyewe kueleza, wakamwambia aache namba yake ya simu. Hadi leo haijalia. Ya nini ilie, wakati muuaji ameshapatikana? Kesi inatajwa, inaahirishwa, upelelezi haujakamilika. Inatajwa tena, upelelezi haujakamilika. Utakamilikaje na hakuna anayepeleleza? Nikiwaza hivyo natamani kung'ata meza.

Huku mtaani ndiko kunakonimaliza kabisa. Nikipita kijiweni wananiinukia, wananiita komandoo, wananiagizia chai na maandazi kabla sijakaa. Miaka yote nilikuwa nikiwafukuza watu wanisikilize, leo wananiomba nirudie, na mimi naiacha chai mezani, naondoka.

Nimezunguka vya kutosha. Shahidi yule ni mimi, Happiness, unajua, na mpelelezi alikuwa ananikumbusha maneno yangu mwenyewe.

Unajua kwetu mtoto ni wa mjomba. Mama yako, dada yangu, alipofariki ni mimi niliyekutoa nje siku ya harusi yako. Lakini kwenye mazishi ya Frank meneja wako alikuja na ratiba iliyochapwa, na jina langu halikuwemo. Msemaji wa familia ni yeye. Nilikaa nyuma karibu na masufuria ya wapishi, mimi mwenye mtoto. Basi kile kipande kilipoenea na Yusrah akarudi kuninyooshea kipaza sauti, akiniuliza kama namfahamu mtu huyu, ulimi ukanitangulia. Nikasema namfahamu, na nilimtilia shaka mapema, maana nilimwona Mikumi kwa macho yangu nikamfuatilia kwa miguu hadi aliponipotea. Niliongeza na panga. Panga, wakati kila mtu anajua kilikuwa kisu! Hata hilo hawakuliona.

Nilidhani itaishia hapo kama hadithi zangu nyingine, watu wacheke, wapite. Kumbe hii ndiyo waliyoiamini. Polisi walikuja niandikishe, nikaona aibu kurudi nyuma, nikaweka sahihi. Halafu ukanipigia wewe mwenyewe, sauti imekauka, ukaniuliza, mjomba, ni kweli? Nikakwambia ni kweli. Ukaandika kwenye ukurasa wako kwamba mjomba wako ni shujaa. Nilimwomba Bibiana anisomee mara nne.

Ukweli ni kwamba siku ile sikufika Mikumi. Nilikuwa Zombo kwa Lukasi tangu asubuhi, tunapukuchua mahindi. Simu ya msiba ilinikuta na gunzi mkononi, nikaanguka juu ya mahindi, na Lukasi ndiye aliyenifunga kwa kanga ya mkewe mgongoni pake, akanileta Kilosa kwa pikipiki kama mtoto. Alipokamatwa aliwaambia polisi wamuulize mtani wake, alishinda naye. Wakaniuliza. Nikasema hapana.

Juma lililopita mkewe, Agnesi, alikuja hapa. Nilijua atanitukana na nilikuwa nimejiandaa. Hakunitukana. Alibaki amesimama mlangoni, akasema, shemeji, tumekubali umetushinda. Sisi tunatania kwa maneno, wewe umetania kwa mtu. Akaniuliza awaambie watoto mchezo huu unakwisha lini.

Jumatatu kesi inatajwa tena hapa Kilosa. Nitakuwa mlangoni mwa mahakama kabla hawajafungua, niseme niliyokuandikia. Wameniambia kusema uongo kwa polisi kuna kifungo. Sawa. Usinitafutie wakili, na meneja wako asiniandikie la kusema. Kwako naomba jambo moja. Kwenye ukurasa ule ule ulioniita shujaa, andika kwamba mjomba wako alisema uongo na Lukasi hana kosa. Mimi wakinisikia watasema mzee wa hadithi ameleta nyingine. Wewe watakuamini. Kama huwezi kunisamehe, andika kwa hasira hiyo hiyo, itafaa zaidi.

Nisalimie wadogo zake Frank, uwaambie babu yao anawapenda. Shangazi Raheli anakusalimu, na majirani wote wa Magomeni. Kaburi wanalifagia kwa zamu. Na mtu akikwambia kesi ya mwanao inaendelea vizuri, mwulize ni nani anayewatafuta wale wawili wa pikipiki. Miezi mitatu sasa wanapita barabarani kama watu, na aliyewapa njia ni mimi.

Mungu akutie nguvu, mwanangu.

Ni mimi mjomba wako,
Alex