Kiganja Juu ya Alto

Bunia, Ijumaa. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, na mvua haijashuka. Sioni joto, sioni baridi.

Kesho tunamaliza matanga ya mke wangu, Dorika. Mwaka mzima umepita. Shemeji zangu wa Aveba wametuma habari kwamba njia ni salama wiki hii na watafika leo jioni, kama njia haitabadili nia. Mimi nimebakiwa na kazi moja tu: wimbo. Miezi michache kabla ya kuugua, Dorika aliimba na korali yetu ya mtaa wa Ngezi, nami nikarekodi. Ndiyo sauti yake pekee tuliyo nayo. Kesho watu wataisikia hapa uani, kabla ya chakula.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana nilifundisha fizikia miaka mingi na ugonjwa wa kueleza haujanitoka.

Tulirekodi kwa mikro, yaani maikrofoni, nne: soprano, alto, tenori na besi. Dorika alikuwa mfupi, kwa hiyo alisimama mbele kabisa, karibu na mikro ya alto. Ukipandisha alto, yeye ndiye anayekuja kwanza. Katika ordinatere, kompyuta yangu ya mezani, programu ya muziki inachora vijiti vinne, kimoja kwa kila mikro. Ukisukuma kijiti juu, sauti inaongezeka, ukikishusha, inapungua. Zamani nilitumia kipanya, na kipanya ni kama mtu mwenye kidole kimoja: ukishika besi, umewaacha wengine wote. Kisha Neema, binti yetu, akaniletea kutoka Kampala kioo kinachopokea vidole kumi kwa wakati mmoja. Sasa nashika sauti zote nne pamoja, kama nilivyokuwa nikiiongoza korali kwa mikono miwili.

Kioo hiki hakitaki nguvu. Mwili wa mtu hupitisha umeme, na kioo kinasikia unapokaribia. Ukigusa kwa kijiti cha mbao, hakisikii.

Leo asubuhi Papa Zakaria, mkubwa wa korali, alikuja kuchukua wimbo. Alinikuta mikono yote iko juu ya kioo, natengeneza mambo ya mwisho.

“Mwalimu, unachambua maharagi?”

“Nachambua mabesi,” nikamjibu. “Mawe iko mingi.”

Alicheka, akakaa. Tukasikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho.

“Sasa iko muzuri,” akasema. “Besi inasikilika.”

Papa Zakaria anaimba besi. Sijawahi kukutana na besi anayemsikiliza mtu mwingine.

Mimi pia nilisikiliza, macho wazi. Nikaona kazi imekwisha. Nikaweka wimbo kwenye kle ya USB, nikawa nanyoosha mkono kumpa, Neema akatokea jikoni. Alisimama mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

“Baba, mama iko wapi?”

Nikadhani anauliza picha ya mama yake tutakayoiweka mezani kesho. Nikamwonyesha kabati.

“Hapana. Mama mu wimbo. Haiko.”

Nikatazama kioo. Kijiti cha alto kilikuwa chini kabisa.

Maisha yangu yote nimeandika nikiegemeza kiganja kwenye daftari ili mwandiko usitikisike. Kioo hakijui tofauti ya kidole na kiganja. Kilisikia ngozi, kikaifuata. Vidole vyangu vilipokuwa vikipandisha tenori, kiganja kilikuwa kinamshusha Dorika mpaka sifuri. Alto kidogo iliyobaki ni ile iliyoingia kwa bahati katika mikro za wengine.

Hilo ni kosa la mkono. Linaelezeka.

Lisiloelezeka ni kwamba nilisikiliza wimbo mzima bila mke wangu, na sikuona kuna kitu kimepungua.

Papa Zakaria alitazama viatu vyake. Neema hakupaza sauti.

“Tangu kilio weye hausikie kitu, Baba. Sema tu.”

Kwetu neno hili kusikia lina kazi nyingi. Tunasikia wimbo, tunasikia njaa, tunasikia uchungu, tunasikia harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nilitaka kumweleza kwamba masikio yangu bado ni mazima. Nikaona aibu kueleza.

“Ni kweli,” nikasema. “Sisikie.”

Sikuwahi kulisema mbele ya mtu. Siku ya mazishi nilipanga viti, nikahesabu vikombe, watu wakasifu uvumilivu wangu. Haukuwa uvumilivu. Wakati wa vita nilizoea kufanya kwanza kazi iliyo mbele yangu na kuyaacha mengine kwa baadaye. Vita vilipotulia, kama vimetulia, niliendelea vilevile. Hiyo baadaye sijaifikia.

Nilimwomba Neema aketi ashike alto. Alipogusa, kijiti hakikusogea, kwa sababu ya unga. Akapangusa kidole kwenye kikwembe alichojifunga, akagusa tena, na kioo kikamsikia. Mimi nikashika zile tatu nyingine, viganja hewani kama mtoto anayejifunza kuandika.

Dorika akapanda. Katika ubeti wa pili aliingia nusu pumzi kabla ya wenzake. Alikuwa hivyo siku zote, na mara nyingi nilimkaripia mbele ya korali nzima. Neema alicheka, kisha akalia. Mimi nilitazama vijiti.

“Unamusikia?” Neema akauliza.

“Namusikia.”

Nilijibu kuhusu masikio. Nadhani alijua, maana hakuuliza tena.

“Besi imepungua,” Papa Zakaria akasema taratibu.

“Imepungua, Papa.”

Nikauweka wimbo upya kwenye kle; Papa Zakaria akaichukua, akaenda zake.

Nilikuwa nimepanga kukaa kesho nyuma ya mashine za korali, nichunge sauti mpaka watu watawanyike. Nimebadili. Papa Zakaria atabonyeza, na Neema atamchunga asipandishe besi. Mimi nitakaa mbele, kwenye kiti cha mfiwa, mikono juu ya magoti, bila cha kushika.

Sijui kama nitasikia. Lakini ataingia kabla ya wenzake, na safari hii nitakuwa namngoja.